Babu Yuko Bafuni

Jumapili, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana bila salamu. Nimeisikiliza nikiwa nimelala kwa binti yangu, katika chumba kilichokuwa cha kupigia pasi, na sikulazimika kuinuka kwenda kufunga madirisha. Madirisha yangu sasa anayafunga mtu mwingine.

Nieleze ilivyokuwa, maana ninaanza daftari jipya na sipendi kuanzia katikati. Nyonga yangu ilivunjika mwezi wa kwanza, kwenye ngazi za nyumba yangu mwenyewe kule juu kilimani. Binti yangu ni muuguzi, na tangu siku ile huzungumza nami kama mgonjwa wa wodi yake. Amesema ngazi zile sitazipanda tena kila siku, labda mara mojamoja na kwa mkongojo. Pensheni yangu inatosha matibabu, au inatosha mkopo wa nyumba. Vyote viwili haiviwezi. Basi tangu juzi nyumba ina mpangaji, na kodi yake ndiyo itakayokwenda benki.

Tatizo ni kwamba benki haijui. Mkopo wangu ni wa nyumba ya kuishi mwenyewe. Nilipouchukua nilikuwa bado msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji, na mkataba niliusoma kwa kalamu nyekundu. Nilisahihisha hata tahajia, karani akacheka. Kwa hiyo siwezi kusema sikukiona kile kifungu: mkopaji ataishi humo mwenyewe, na hataipangisha nyumba, yote wala sehemu yake, bila idhini ya maandishi. Akikiuka, benki ina haki ya kudai deni lote kwa mkupuo, na akishindwa, nyumba inauzwa.

Mkwe wangu, muuza vipuri vya magari, haoni shida iko wapi. "Baba, benki inataka hela yake mwisho wa mwezi. Haina muda wa kujua nani analala wapi."

Sikumjibu, naye akaondoka akiamini nimekubali. Alikuwa sahihi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mazoezi ya mguu. Supu.

Ijumaa, 8 Machi

Mpangaji wangu ni mama wa makamo anayesaga vioo katika duka la miwani. Vidole vyake vina makovu madogomadogo meupe. Ninamwita Fundi Miwani, na hajakataa. Ana mtoto mmoja wa kike, wa umri wa kuanza shule, ambaye mama yake humwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni.

Tulipatana kwa mdomo tu. Aliomba karatasi ya mkataba, akasema shule inataka uthibitisho wa mahali anapoishi mtoto. Nikamwambia tutaona. Karatasi ni kitu kinachotembea, na sikutaka itembee hadi benki.

Nilimpa masharti ambayo mkwe wangu aliyaona ya ajabu. Chumba changu cha mwisho kibaki kimefungwa, kitanda na vitabu vikiwa ndani, na ufunguo ninao mimi. Kila siku ya kufua, aanike kambani na shati langu la bluu. Na mtu yeyote akiuliza, mzee yupo, ametoka kidogo tu.

Fundi Miwani alinitazama kama anayepima lenzi. Kisha akasema, "Sawa, baba," akalipokea shati.

Jumatano, 13 Machi

Binti yangu ameniuliza, huku akinipaka dawa, shati lile ni la nini. Nikamweleza jambo ambalo nilidhani analijua.

Nilipokuwa mdogo, kule tulikotoka, tulikimbia nyumba yetu mara kadhaa kabla ya ile ya mwisho. Watu wetu wote walifanya jambo moja walipoondoka: waliacha nguo kambani. Nguo zikipepea, mpita njia hudhani mko ndani, au mko jirani mnarudi sasa hivi. Mama alichagua shati la baba kwa sababu lilikuwa kubwa na lilionekana kutoka barabarani. Halafu msimu mmoja wakaja watu wa ofisi na orodha yao ya nyumba zisizo na watu. Jirani yetu, mtu mwema asiyejua kudanganya, alipoulizwa alisema tumeondoka. Ikaandikwa kwamba nyumba haina mtu. Tuliporudi, mlango ulifunguliwa na mwanamke ambaye hatukumjua, akatuuliza tunamtafuta nani.

Tangu hapo nimeishi katika nyumba za watu, mabweni, vyumba vya kukodi katika nchi mbili, hadi nikapata hii ya kilimani. Na nimeamini jambo moja kama wengine wanavyoamini dawa: usiiambie ofisi kamwe kwamba hupo nyumbani.

Binti yangu alifunika chupa ya dawa. "Lakini baba," akasema, "safari hii hakuna anayekufukuza."

Jumatano, 20 Machi

Nimepelekwa na gari kuiona nyumba. Chiriku alinipokea getini kwa taarifa kamili. Anasema mama wa nyumba ya pili huulizia hali yangu kila siku, naye kila siku humjibu kwamba babu yuko bafuni.

"Kila siku bafuni?" nikamuuliza.

"Ulisema niseme umetoka kidogo. Sasa ukitoka, atasubiri urudi. Ukiwa bafuni hasubiri."

Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Alipokuwa ananieleza, jirani mwenyewe alichungulia juu ya ukuta, akanipa pole kwa ugonjwa wa tumbo, akaniusia nipunguze kula maembe.

Tumecheka hadi Fundi Miwani akajifuta machozi. Lakini nilipokuwa naondoka niliona shati langu kambani, limelowa chapachapa, mvua inalipiga. Nikamuuliza kwa nini hakulianua. Akasema, kwa adabu tu, kwamba alilianika asubuhi akaenda kazini. Nguo zake na za mtoto alizianika ndani.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua usiku kucha, mvua mchana. Benki imelipwa.

Jumanne, 2 Aprili

Fundi Miwani amepiga simu. Kuna harufu ya unyevu inatoka chini ya mlango wa chumba changu, na ukuta wa upande wake, anakolala mtoto, umeanza kubadilika rangi. Aliuliza kama ninaweza kumtumia ufunguo aangalie.

Nikamwambia ni harufu ya vitabu vya zamani, ndivyo vinavyonuka masika. Nikamwambia nitakuja mwenyewe mguu ukiruhusu.

Alisema sawa, baba. Yeye husema sawa, baba, kwa namna ambayo baadaye humfanya mtu asipate usingizi.

Jumamosi, 6 Aprili

Mguu umevimba. Sikwenda.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua haijakatika tangu Jumapili. Barabara ya kilimani haipitiki, wanasema. Mkwe wangu amerudi kutoka dukani na matope hadi magotini, analaani madereva wote kwa jumla. Sikwenda.

Jumapili, 14 Aprili

Nitaandika polepole.

Leo asubuhi simu ililia tukiwa mezani. Nilisikia kwanza kilio cha mtoto, kisha sauti ya mama yake, kavu kabisa, ikisema dari ya chumba changu imeanguka, maji yamepita ukutani, na Chiriku amegusa swichi akarushwa chini. Anapumua. Analia. Mkono umeungua kidogo.

Binti yangu hakuuliza zaidi. Alichukua mkoba wake na funguo za gari, mimi nikafuata na mkongojo, na mkwe wangu akaacha chai yake ikitoa mvuke. Tulipofika, Fundi Miwani alikuwa amezima umeme wote na amekaa kwenye ngazi za nje, kwenye manyunyu, mtoto mapajani. Binti yangu alimpima mtoto pale pale, akamsikiliza moyo, akamfunga kidole kimoja bandeji kubwa kuliko jeraha kwa sababu mtoto alitaka ionekane. Akasema ana bahati. Kisha akasema tena, bila kunitazama.

Nilifungua chumba changu. Mlango ulikuwa umevimba, mkwe wangu akausukuma kwa bega. Ndani kulikuwa na mbingu, bati moja lilikuwa limeachia. Mfereji wa paa uliziba kwa majani, maji yakarudi nyuma chini ya bati, na kwa wiki nzima, labda mbili, yalikuwa yakijikusanya juu ya dari bila mtu wa kuyaona. Kitanda kilikuwa kimebeba vipande vya dari. Vitabu vilikuwa vimenona kwa maji.

Sikuvililia. Nilitazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipo kitanda cha mtoto, na nilikuwa nimeyafungia maji nyuma yake kwa ufunguo wangu.

Niseme na jambo la mkwe wangu, kwa sababu katika kurasa za nyuma nimemwandika kama mtu mwepesi. Hakusubiri fundi. Alivua viatu, akapanda juu ya paa lile lenye utelezi na turubai la kufunikia lori, akalifunga kwa kamba huku mvua ikimpiga usoni. Kutoka juu alikuwa anamwimbia Chiriku nyimbo za kipuuzi ili acheke.

Jumanne, 16 Aprili

Nyumba ina bima. Ilikuja pamoja na mkopo, nami nimeilipia miaka yote bila kuigusa. Lakini ni bima ya nyumba anayokaa mwenyewe. Mkwe wangu amefikiria mpango. Mkaguzi wa bima anakuja Ijumaa asubuhi. Mimi nifike mapema, nikae kwenye kiti changu na blanketi, niwe mgonjwa anayeishi kwake. Fundi Miwani na mtoto wakae kwa jirani saa hizo. Bima italipa paa, benki haitajua chochote, na mambo yatakwisha.

"Ni asubuhi moja tu, baba," akasema. "Kisha kila mtu anarudi kwenye maisha yake."

Nimekubali. Nyumba hii ndiyo ya pekee niliyowahi kuwa nayo, na nina umri ambao hakuna benki itakayonipa nyingine.

Ijumaa, 19 Aprili

Tulifika kabla ya mkaguzi. Sebule ilikuwa tupu, na Fundi Miwani alikuwa amesimama mlango wa nyuma, tayari. Sufuria zake alizifunga ndani ya shuka. Godoro la mtoto lilikuwa limeviringishwa na kukazwa kwa mkanda. Picha yake ya ukutani ameishusha, na pale palipokuwa na msumari ametundika kofia yangu. Chiriku alikuwa amevaa viatu, amebeba begi la shule, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa kimya.

Nilimwambia Fundi Miwani kwamba amefanya haraka sana. Akasema amezoea. Katika mji alikotoka alihama mara nyingi, mtu hujifunza ni kitu gani kinaingia ndani ya shuka na kipi kinaachwa.

Kazi ilikuwa nzuri mno. Fundo lilikuwa safi, halina haraka ndani yake. Nilikaa kwenye kiti changu, nikafunikwa blanketi, na nikamwona yule mtoto anatazama nyumba kama sisi tulivyoitazama yetu, kwa kona ya jicho ili asiulizwe anatazama nini. Na aliyekuwa ameshika orodha safari hii ni mimi.

"Fungua vitu vyako," nikamwambia.

Mkwe wangu akasema, kwa sauti ya chini, "Baba, mtu yuko getini."

"Nimemsikia. Fungua, mwanangu. Kaeni hapa."

Hakufungua. Hakuwa na sababu ya kuniamini. Lakini pia hakuondoka, na mkaguzi akaingia akatukuta hivyo: mzee ndani ya blanketi, mwanamke na mzigo, mtoto na begi. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya plastiki, mpole, anayehema kwa sababu ya ngazi. Aliangalia chumba, aliangalia ukuta, akarudi sebuleni na kalamu yake. Akauliza anayeishi humu ni nani.

Kabla sijafungua mdomo, Chiriku alijibu kwa sauti ya darasani:

"Babu yuko bafuni."

Alisema huku ananitazama mimi, machoni, mita mbili kutoka alipo. Kisha akagundua. Midomo yake ikaanza kutetemeka, maana alidhani ameharibu.

"Hujakosea," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea kukufundisha." Nikamgeukia mkaguzi. "Mimi siishi hapa. Wanaishi hawa wawili, na wananilipa kodi. Benki haijapewa habari."

Kwa miaka yote niliyoishi sijawahi kumwambia mtu wa ofisi maneno kama hayo. Nilingoja dari iliyobaki ianguke.

Mkaguzi alifunika kalamu yake. Akasema bima hii basi hailipi, na kwamba hawezi kuandika tofauti na alichoambiwa. Mlangoni alisimama, akanirudia. "Ripoti yangu itafika benki katikati ya wiki, mzee. Ungekuwa baba yangu, ningekuambia ufike kabla yake."

Mkwe wangu hakunilaumu. Njiani akasema bati la bei nafuu lipo, rafiki yake mmoja anauza.

Jumatatu, 22 Aprili

Benki. Karani wa mikopo ni msichana mdogo kuliko binti yangu. Nilimsimulia yote, mfereji, ukuta, mtoto. Aliandika, akauliza kwa nini sikuomba idhini tangu mwanzo, maana watu huomba: wengine wamehamishwa kazi, wengine wanauguza wazazi. Hakuwa ananidhihaki. Alitaka kujua kweli.

Nilimwambia ni hadithi ndefu. Akasema foleni ni fupi leo. Basi nikamweleza, ile ya kamba na shati, na mwanamke aliyetufungulia mlango. Alisikiliza hadi mwisho, na mikono yake haikuwa kwenye kompyuta.

Kisha akawa karani tena. Hawezi kuahidi. Kuna kamati. Wakikubali, riba itapanda, paa litengenezwe kwa gharama yangu, bima ibadilishwe, na mpangaji awe na mkataba wa maandishi wa nyumba nzima, siyo nyumba kasoro chumba. Wakikataa, nitatakiwa kurudi kuishi kule au kulipa deni lote, na yote mawili anajua na mimi najua siyawezi.

"Na kwa sasa, mzee, makazi yako ni wapi?"

Nilitaja mtaa wa binti yangu. Sauti yangu ilitoka vizuri tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Paa limepata bati jipya. Fundi Miwani amefungua mizigo yake. Binti yangu ameniambia, si mimi niliyeona.

Ijumaa, 3 Mei

Hakuna jibu.

Alhamisi, 9 Mei

Hakuna jibu. Mvua imepungua, inakuja jioni tu kama mgeni asiye na uhakika wa mapokezi. Nimeota nyumba, lakini sikujua ni ipi kati ya zile mbili.

Jumatano, 15 Mei

Binti yangu ameondoa meza ya kupigia pasi chumbani kwangu na kuniwekea rafu. Nikamwambia asijisumbue, labda nitaondoka karibuni. Akauliza kwenda wapi. Rafu imebaki.

Jumanne, 21 Mei

Wamekubali.

Karani amepiga simu mwenyewe. Idhini ni ya miaka miwili, kisha itaangaliwa upya. Riba imepanda, siyo kidogo. Kodi itatosha kwa shida, na nitakula supu nyingi kuliko nilivyopanga. Nyumba haiuzwi. Nilikata simu, nikakaa na simu mkononi hadi binti yangu alipokuja kuniuliza kama nimepata kiharusi.

Jumamosi, 25 Mei

Tumetia saini mkataba. Nimeuandika mwenyewe na nimeusahihisha mwenyewe. Fundi Miwani aliusoma mstari kwa mstari, karatasi karibu na uso, kisha akaomba kalamu aongeze kifungu. Aliandika kwa herufi ndogo zilizonyooka: mwenye nyumba atatoa taarifa siku moja kabla ya kuja.

Mkwe wangu alikohoa. Mimi nilitafuta kosa katika sentensi ile, sikuliona.

Nikampa ufunguo wa chumba cha mwisho. Vitabu vilivyopona vimo kwenye maboksi, vinakuja hapa kwa binti yangu kesho. Aliuweka ufunguo mfukoni bila sherehe, akasema chumba kile kina mwanga mzuri kwa kazi yake ya macho.

Alhamisi, 6 Juni

Jua kali, la kwanza kwa muda mrefu. Nimejisikia vizuri kiasi cha kufanya ujinga. Nilichukua mkongojo, nikapanda kilima peke yangu, nikipumzika kila baada ya nyumba kadhaa, na nilifika getini jasho linanitoka. Njia ya mvua imekauka, na juu ya paa bati jipya linang'aa kama jino la bandia.

Nikabisha. Fundi Miwani alifungua nusu. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu, kicheko cha mwanamke nisiyemjua, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Mwanga ulikuwa unatoka chumba cha mwisho, umelala kwenye korido mahali ambapo wakati wangu palikuwa giza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napita."

Hakuna anayepita kilimani. Sote wawili tulijua. Akasema dada yake amekuja kutoka mbali na watoto, wamejaa hadi jikoni. Alishika mlango kwa mkono mmoja, siyo kwa ukali, kama mtu anavyoshika mlango wake.

"Samahani, baba. Leo haiwezekani. Njoo Jumamosi."

Nikasema sawa. Aliniletea maji ya kunywa pale pale kizingitini, akangoja nimalize, akapokea glasi, akafunga.

Niliteremka polepole. Nilikaa kidogo kwenye ukuta wa jirani, kwa sababu ya nyonga, na nilikuwa bado nimekaa pale nilipogundua kwamba sikuwa nimegeuka kutazama nyuma.

Jioni binti yangu aliona vumbi la kilimani kwenye viatu vyangu. Alinisomea risala nzima ya wodini, kisha, aliponyamaza, akauliza nyumba haijambo.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuingia. Ina wenyewe."